Ini la Mtoto na Akili Yake

Hapana amana aliyokabidhiwa mwanadamu iliyo nzito kuliko mtoto. Mali ikipotea hutafutwa ikapatikana, na nyumba ikianguka hujengwa nyingine. Lakini miaka ya utoto ikiisha kupita hairudi tena. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa mwezi huu tuzungumze na wazazi, walimu na vijana wetu juu ya jambo ambalo katika nyumba nyingi halijulikani hata kwa jina, nalo humwonea mtoto mgonjwa mara mbili: mara ya kwanza kwa maradhi yenyewe, na mara ya pili kwa lawama asiyostahili.

Tumfikirie mtoto wa miaka kumi. Tangu udogo wake alikuwa na ugonjwa wa ini. Akatibiwa, akapata nafuu, na sasa anacheza na wenzake na kula vizuri. Macho yake ni meupe, hana homa, na wazazi wake wanamshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini huko chuoni, sura fupi ambayo mdogo wake aihifadhi kwa siku mbili, yeye humchukua juma zima. Skuli huanza kunakili maneno ya ubaoni, na kabla hajafika nusu amekwisha kuyasahau. Akitumwa dukani kununua vitu vitatu, hurudi na kimoja. Mwandiko wake uliokuwa mzuri umeharibika. Mwalimu asema, "Huyu ni mvivu." Baba asema, "Anajidekeza, kwa kuwa tulimlea katika ugonjwa." Na fimbo haiko mbali.

Sisi twasema: ngojeni kwanza. Yawezekana mtoto huyo si mvivu wala si mkaidi. Yawezekana kuna sumu ambayo ini lake limeshindwa kuisafisha, nayo inafika katika ubongo wake kidogo kidogo, kiasi ambacho jicho la mzazi halikioni, wala daktari hakitambui kwa kumtazama na kumpapasa tu, lakini kalamu na karatasi huweza kukifichua.

KAZI YA INI

Ini limekaa upande wa kuume wa tumbo, chini ya mbavu, nalo ndilo kubwa kuliko viungo vyote vilivyomo ndani ya mwili. Damu itokayo katika utumbo, ikiwa imechukua chakula, haiendi moja kwa moja moyoni. Hupita kwanza katika mshipa mkubwa uingiao katika ini, na hapo hukaguliwa kama mizigo ikaguliwavyo forodhani. Chenye kufaa hupitishwa au huwekwa akiba. Chenye madhara hugeuzwa kikawa si kitu.

Miongoni mwa vitu vyenye madhara ni amonia. Hutokana na chakula cha kujenga mwili, kama nyama, samaki na kunde, kinapovunjwavunjwa na vijidudu waishio ndani ya utumbo. Na utumbo wenyewe nao hutoa sehemu yake. Ini lililo zima huigeuza amonia kuwa yurea, na figo huitoa yurea hiyo pamoja na mkojo. Kazi hii hufanyika usiku na mchana, nasi hatuna habari.

Forodha hiyo yaweza kuharibika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ini lenyewe kujaa makovu hata nyama yake njema ikapungua. Hali hiyo madaktari huiita sirosisi. Njia ya pili ni ule mshipa uingiao katika ini kuziba, damu ikatafuta vichochoro vya kulizunguka ini, kama wafanyavyo watu wa magendo, ikafika moyoni na kichwani bila ya kukaguliwa. Katika njia hii ya pili ini laweza kuwa karibu zima, na hata hivyo ubongo ukadhurika.

Amonia ifikapo katika ubongo hupokewa na chembe ndogo zenye umbo la nyota, ambazo kazi yake ni kuzilisha na kuzitunza zile chembe za kufikiri. Chembe hizo za nyota huigeuza amonia kuwa kitu kingine kiitwacho glutamini. Lakini glutamini ikizidi huvuta maji, na chembe huvimba kidogo. Hazifi, ila kazi yake hufanyika kwa uzito, kama mashine iliyotiwa mafuta machafu.

SOMO LA MWAKA 1893

Elimu hii haikupatikana jana. Mwaka 1877 daktari mmoja Mrusi, Nikolai Eck, alieleza namna ya kuunganisha mshipa wa damu ya utumbo na mshipa mkuu uendao moyoni, ili damu isipite katika ini. Mwaka 1893, katika mji wa St. Petersburg, Ivan Pavlov na wenzake waliandika yale waliyoyaona kwa mbwa waliofanyiwa upasuaji huo. Mbwa hao walipolishwa nyama, baadhi yao waligeuka tabia: wakawa wakali, wakapepesuka, na wengine wakazimia. Basi ikajulikana kuwa chakula kile kile kilicho nguvu kwa mwenye ini lifanyalo kazi, chaweza kuutia sumu ubongo wa yule ambaye damu yake hailipiti ini.

Kwa wanadamu pia hali hii ilitambulikana. Mgonjwa wa ini aliyezidiwa hulala mchana na kukesha usiku, husahau mahali alipo, na akiinyosha mikono yake viganja hupigapiga kama mbawa za ndege. Na mwisho huzimia. Hiyo ni hali ya wazi, na kila mtu huiona. Lakini hali hiyo inaye ndugu yake mdogo aliyejificha, ambaye hana dalili ya kuonekana wala ya kupapaswa. Wataalamu wa maradhi ya tumbo na ini walipokutana Vienna mwaka 1998 walizipanga hali hizi kwa majina, na hii iliyojificha wakaipa mahali pake miongoni mwa maradhi.

Isidhaniwe kuwa jambo hili ni dogo kwa kuwa limejificha. Mwaka 1981 huko Ujerumani walipimwa wagonjwa wa ini, watu wazima, waliokuwa wakitembea na kuzungumza vizuri. Walipojaribiwa mambo yanayohitajika kwa mtu aendeshaye motokaa, wengi wao walionekana hawafai kushika usukani. Mtoto haendeshi motokaa. Lakini darasa ndiyo barabara yake, na huko nako yataka macho yaone upesi, akili iamue upesi, na mkono utii upesi.

NI WATOTO GANI?

Wa kwanza ni wale wanaozaliwa na mirija ya nyongo inayoziba. Mtoto huyo hubaki na umanjano wa macho baada ya wiki mbili tangu kuzaliwa, na choo chake huwa cheupe kama udongo wa chokaa. Daktari Mjapani Morio Kasai alibuni upasuaji wake katika miaka ya 1950, nao hufaulu zaidi ukifanywa kabla mtoto hajapita siku 60. Huko Taiwan, tangu mwaka 2004, nchi nzima akina mama hupewa kadi yenye picha za rangi za choo ili waweze kulinganisha wenyewe nyumbani. Lakini hata watoto waliopasuliwa mapema, wengi wao hukua na ini lenye makovu.

Wa pili ni wale ambao mshipa uingiao katika ini umeziba, pengine baada ya kitovu kupata uchafu walipokuwa wachanga, na mara nyingi sababu haijulikani. Mtoto huyu huonekana mzima kabisa, mpaka siku moja anapotapika damu, au anapoonekana na bandama kubwa.

Wa tatu ni wenye maradhi ya kurithi, kama ule ugonjwa wa shaba kujikusanya katika ini, ambao pia huweza kuudhuru ubongo wenyewe. Na wenye virusi vya ini ambavyo, ijapokuwa kwa nadra katika utoto, huweza kuleta makovu.

Wa nne wanatuhusu sana sisi wa Afrika, nao ni wenye kichocho cha utumbo. Mdudu wa kichocho aligunduliwa Cairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani Theodor Bilharz, na huko huko Misri mwaka 1904 daktari Symmers akaeleza jinsi makovu yanavyoizunguka mishipa ndani ya ini. Kichocho hiki kiko kando ya Mto Nile, na kiko kwetu katika vijiji vya Ziwa Viktoria, ambako watoto huogelea na kuteka maji. (Kile cha mkojo kijulikanacho Unguja na Pemba ni aina nyingine.) Mayai ya mdudu huyu huchukuliwa na damu hadi katika ini, makovu yakishika kwa miaka, damu hutafuta vile vichochoro tulivyovitaja.

NAMNA YA KUPIMA

Vipimo vya hali hii ni vyepesi kuliko wadhanivyo watu. Kimoja kilitokana na majaribio ya jeshi la Marekani ya mwaka 1944, na mwaka 1977 Daktari Harold Conn na wenzake wakakitumia kwa wagonjwa wa ini. Karatasi huandikwa tarakimu 1 mpaka 25, kila moja ndani ya duara, zimetawanywa ovyo. Mgonjwa huambiwa aziunganishe kwa mstari, moja na mbili, mbili na tatu, hata mwisho, na daktari hutazama saa. Kipimo kingine ni cha kuandika alama ndogo chini ya tarakimu kwa kufuata mfano uliowekwa juu. Kingine ni kupitisha kalamu katika njia nyembamba bila kugusa kingo. Kingine hakitaki hata kalamu: mgonjwa hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Kadhalika kipo cha taa inayometameta upesi mno hata ikaonekana imetulia, kisha hupunguzwa mwendo mpaka mgonjwa aseme ameiona inametameta.

Lakini hapa yataka hadhari. Mtoto si mtu mzima mfupi. Mtoto wa miaka saba huunganisha tarakimu polepole kuliko wa miaka kumi na mbili, naye hana ugonjwa. Mtoto aliyesoma hawezi kulinganishwa na asiyejua kusoma, wala mtoto wa Kiswahili hawezi kuhukumiwa kwa hesabu zilizopatikana kwa watoto wa Ujerumani. Kipimo ni cha haki pale tu mtoto anapolinganishwa na watoto wazima wa umri wake, wa skuli kama yake na lugha kama yake. Wadogo wasiojua tarakimu hutazamwa kwa mambo mengine: wamekaa lini, wamesema lini, wanafuata maneno namna gani. Tena kipimo kimoja hakitoshi, wala kiasi cha amonia katika damu peke yake hakitoshi kutoa hukumu. Na mtoto asiyelala vizuri, mwenye njaa, asiyesikia vema au anayehitaji miwani atashindwa pia, naye ana dawa nyingine kabisa.

YALIYOONEKANA

Huko Lucknow, India, wapo madaktari waliowachunguza watoto wenye maradhi ya ini ya muda mrefu, na mwaka 2017 wakatangaza kuwa takriban nusu yao walikuwa na hali hii iliyojificha. Huko Mansoura, Misri, mwaka 2014, madaktari walipiga picha za ubongo za watoto wenye makovu ya ini. Wale walioshindwa vipimo walionekana kuwa na tofauti za maji na za kemikali katika ubongo. Basi kosa la kunakili ubaoni lilikuwa na alama yake ndani ya kichwa, halikuwa utundu.

Walio na ini jipya nao wasisahauliwe. Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya watoto 144 wa Marekani na Kanada, wa miaka mitano mpaka saba, waliopandikizwa ini. Watoto 26 kwa mia walikuwa na kipimo cha akili kilicho chini kidogo ya wastani, hali katika watoto wengine hutazamiwa 14 kwa mia. Ini jipya huokoa maisha, lakini miezi ambayo ubongo mchanga ulikaa katika sumu na utapiamlo huweza kuacha alama. Watoto hawa wahitaji msaada wa masomo hata baada ya kupona.

Habari iliyotufurahisha kuliko zote ilitoka Chicago mwaka 2006. Watoto walioziba mshipa uingiao katika ini walifanyiwa upasuaji ambao kwao mshipa huchukuliwa shingoni mwa mtoto mwenyewe, ukatumika kama daraja la kuirudisha damu ndani ya ini. Walipimwa akili kabla na baada. Wale ambao damu yao ilirudi katika njia yake waliendelea mbele katika usikivu na wepesi wa kufikiri. Tazameni, ndugu zetu: walioonekana wazito wa akili, uzito wao ulikuwa mgeni tu, na mgeni huyo aliweza kuondoka.

DAWA, CHAKULA NA SAUMU

Tangu mwaka 1966 hutumika dawa ya maji, tamu, iitwayo laktulosi. Hulainisha choo na kuifanya amonia itoke nje badala ya kurudi katika damu. Ziko na dawa nyingine za kuwapunguza vijidudu wa utumbo. Daktari ndiye achaguaye dawa na kipimo chake. Kwa watoto ujuzi bado ni mchache kuliko kwa watu wazima, kwa hiyo asithubutu mtu kujinunulia na kumnywesha mwanawe. Dawa za usingizi zaweza kumzidishia mtoto huyu, na dawa za miti zisizojulikana kipimo chake zaweza kulimaliza ini lililokwisha kujeruhiwa. Kufunga choo, kuharisha, kutapika damu na homa yo yote ni mambo ya kumpeleka hospitali upesi.

Juu ya chakula liko kosa la zamani. Kwa kuwa mbwa wa St. Petersburg walidhuriwa na nyama, kwa miaka mingi wagonjwa wa ini walinyimwa nyama, mayai na maharagwe. Mwaka 2004 madaktari wa Barcelona walionyesha kuwa wagonjwa waliopewa chakula cha kawaida hawakuzidiwa kuliko walionyimwa. Na sababu yake yafahamika: misuli nayo husaidia kuiondoa amonia, na mwenye njaa hula misuli yake mwenyewe. Mtoto naye anajenga mwili. Basi mama asimnyime mtoto samaki wala kunde kwa maneno ya jirani.

Kwa sababu hiyo hiyo twataja na saumu. Mtoto asiyebaleghe hakuwajibishwa kufunga, na mgonjwa ameruhusiwa kula. Lakini twajua mapenzi ya watoto wetu katika Ramadhani, jinsi wanavyoshindana kuhesabu siku walizofunga. Ini lenye makovu haliwezi kuweka akiba ya kutosha ya chakula. Saa nyingi za njaa humdhuru mwenye nalo, na hata usiku yafaa apewe kitu kidogo kabla ya kulala. Mzazi amweleze kwa upole kwamba kuishika ruhusa ya Mola wake ni utii vile vile, wala nduguze wasimcheke.

WAJIBU WETU

Kwanza, mzazi mwenye mtoto mgonjwa wa ini asingoje mpaka mtoto apepesuke. Kila aendapo kliniki, asiulize juu ya tumbo na macho tu, aseme pia, "Daktari, twataka ajaribiwe usikivu na kumbukumbu zake." Achukue madaftari ya mwaka jana na ya mwaka huu, ayaweke mezani. Mabadiliko ya mwandiko na ya maksi ni ushahidi ambao daktari hawezi kuupata kwa kumtazama mtoto kwa robo saa.

Pili, mwalimu wa chuo na wa skuli aambiwe ugonjwa wa mtoto. Isifanywe siri kwa kuona haya. Mwalimu ndiye anayemwona mtoto kila siku kati ya wenzake, na yeye ndiye wa kwanza kujua kuwa aliyekuwa akisoma vizuri amerudi nyuma. Amkalishe mbele, ampe fungu dogo dogo la kuhifadhi, amwongezee muda. Na fimbo aiweke kando. Haijapata kutokea fimbo ikaondoa amonia katika damu.

Tatu, tuzuie tuwezayo kuyazuia. Chanjo ya virusi vya ini aina B imo katika chanjo za watoto wachanga, Kenya tangu mwaka 2001 na Tanzania tangu mwaka 2002. Asikose mtoto hata mmoja. Dawa ya kichocho inapoletwa skuli, mtoto asifichwe nyumbani.

Nne, vijana: mkimwona mwenzenu asiyeshika masomo upesi, msimpe jina la kumdhihaki. Jina hukaa baada ya ugonjwa kuondoka.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa hapana maradhi yasiyokuwa na dawa, na akatuhimiza tujitibu. Lakini dawa haitafutwi ila na yule aliyekubali kuwa maradhi yapo. Wazazi wengi wamekwisha kukesha hospitali kwa ajili ya ini la mtoto wao. Twawaomba waongeze hatua moja ndogo, waiulizie na akili yake. Huenda saa moja ya kalamu na karatasi ikamwokoa mtoto na miaka ya kuitwa mvivu.

Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu wagonjwa, awape wazazi wao subira, na atujaalie sote macho ya kuona kabla ya ulimi kulaumu. Amin.